Modemu ya USB inaonekana kama sidii kwenye Linux: nifanyeje ili ipate intaneti?

Steshenari ya Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Ninaendesha steshenari ndogo Mbagala, si mbali na kituo cha Rangi Tatu, ambako ninachapa barua, ninatoa fotokopi na kuwajazia wateja maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya vyeti vya kuzaliwa vya RITA na maombi ya kazi, shughuli ambazo bila intaneti haziendi hata hatua moja. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikipata virusi kila mara kutokana na flashi za wateja. Mwezi uliopita kijana mmoja anayejua mambo haya aliifuta Windows na kuniwekea Debian 12, ambayo ni aina ya Linux, yenye mandhari ya Xfce, akaniambia kwamba ameacha kila kisichokuwa cha lazima ili mashine iwe nyepesi. Kweli imekuwa nyepesi, na usumbufu wa virusi umekwisha.

Kilichobaki kunisumbua ni modemu. Ninatumia Huawei E173 niliyoinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ikiwa imeshatumika, nayo ilifanya kazi vizuri wakati wa Windows. Sasa nikiichomeka, taa yake ndogo inawaka kijani na kuzimika kwa mapigo yaleyale ya zamani, lakini kwenye skrini inatokea picha ya sidii, na ndani yake mna mafaili ya programu ya Mobile Partner yaliyotengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye alama ya mtandao hakuna mahali panapotaja modemu wala laini. Nimejaribu matundu yote manne ya USB, nimezima na kuwasha kompyuta mara nyingi, na matokeo ni yaleyale. Huenda inafaa niseme pia kwamba laini ya zamani ilifungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, hivyo nimenunua laini mpya ya kampuni nyingine.

Yule kijana amesafiri kwenda Mtwara na simu yake haipatikani. Leo ni siku ya tisa wateja wa fomu ninawaelekeza kwa jirani. Naomba mwenye ujuzi anieleze taratibu, kwa sababu amri za kuandika ndiyo kwanza ninaanza kuzizoea.

Binti wa Kinondoni

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hatujaigusa kompyuta, itoe laini hiyo kwenye modemu, iweke kwenye simu, uzime Wi-Fi ya simu, kisha ufungue ukurasa wowote. Piga pia *106# uhakikishe kwamba laini imesajiliwa kwa jina lako na namba yako ya NIDA. Nimewahi kukaa usiku mzima nikibadilisha mipangilio ya Linux kumbe laini yenyewe ilikuwa haina huduma, na sipendi mtu mwingine apoteze usiku wake kwa namna hiyo. Laini ikiwa nzima, chomeka modemu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `lsusb`, kisha utuwekee hapa mstari wenye neno Huawei.

Steshenari ya Mbagala

Ahsante, dada. Laini inafungua kurasa kwenye simu, ina bando, na usajili uko sawa. Mstari ni huu:

`Bus 001 Device 005: ID 12d1:1446 Huawei Technologies Co., Ltd.`

Fundi wa Ubungo

Mstari huo umetueleza tulichotaka kujua, kwa hiyo naomba univumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu ukielewa kinachotokea hutamhitaji mtu yeyote wa Mtwara siku nyingine.

Namba 12d1 ni ya mtengenezaji, yaani Huawei. Namba 1446 ni ya hali ambayo kifaa kimo kwa sasa, nayo si hali ya modemu. Watengenezaji waliweka ndani ya modemu hizi hifadhi ndogo inayojitambulisha kama sidii, ili mteja wa Windows asihitaji kupewa diski ya programu kando. Anapoichomeka, Windows inaiona sidii, programu inajiweka, kisha draiva iliyowekwa inakitumia kifaa ujumbe mfupi wa kukiambia kiache usidii na kiwe modemu. Kwenye Linux draiva ya modemu imo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na inaitwa `option`. Kinachokosekana ni wa kupeleka ule ujumbe. Modemu yako imekaa inausubiri, na taa inawaka kwa sababu umeme inaupata.

Mpeleka ujumbe huyo ni programu iitwayo USB_ModeSwitch, iliyoandikwa na Josua Dietze. Ina orodha ya modemu nyingi pamoja na ujumbe unaofaa kwa kila moja, na ikishawekwa hufanya kazi yenyewe kila kifaa kinapochomekwa. Mifumo mingi huiweka bila kuulizwa, lakini aliyekuwekea Debian alipoacha visivyo vya lazima, ninaamini hii nayo aliiacha. Simlaumu, kwa sababu mtu mwenye intaneti ya waya hawezi kuiona faida yake.

Sasa utaipakuaje programu ya kukupatia intaneti wakati intaneti huna? Tumia simu yako kwa muda. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kushiriki intaneti, washa kushiriki kwa USB. Debian itaiona simu kama kadi ya mtandao, bila draiva yoyote ya ziada. Kisha andika:

`sudo apt update`
`sudo apt install usb-modeswitch modemmanager`

Kompyuta ikijibu kwamba haiijui `sudo`, au kwamba wewe huruhusiwi kuitumia, andika `su -`, weka nenosiri la msimamizi ulilopewa siku ya kuwekewa mfumo, halafu rudia amri hizo bila neno `sudo`. Jambo hilo hutokea kwenye Debian pale nenosiri la msimamizi lilipowekwa wakati wa kusimika mfumo.

Ukimaliza, chomoa modemu, subiri kidogo, ichomeke tena, na uipe kama nusu dakika kabla ya kuandika `lsusb`. Tunachotafuta ni 1446 kugeuka kuwa namba nyingine, na kwa E173 mara nyingi huwa 1436. Ikigoma, mpe mpeleka ujumbe amri kwa mkono:

`sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J`

Hakikisha kwa `sudo dmesg | tail -n 20`. Ukiona mistari inayotaja `GSM modem (1-port) converter` pamoja na `ttyUSB0`, `ttyUSB1` na kuendelea, kerneli imeikubali. Hapo ndipo uandike `mmcli -m any`, ambayo ni amri ya kuiuliza ModemManager, programu inayosimamia modemu, hali ya modemu, utuletee majibu.

Ninakusihi usianze kubadilisha APN sasa, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu. Nimeona watu wengi wakiikimbilia APN kwa sababu ndiyo neno wanalolifahamu, ilhali modemu haijawa hata modemu.

Mkazi wa Kimara

Samahani kuingilia kati. Kwa nini asiendelee tu na hiyo simu kwa waya, au akanunua modemu ya 4G aachane na haya yote? Mimi ninatumia Huawei E3372 ya aina ya HiLink. Niliichomeka, Linux ikaiona kama kadi ya mtandao, nikafungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari nikaweka mipangilio, na hadi leo sijawahi kuandika amri hata moja.

Fundi wa Ubungo

Ndugu wa Kimara, uko sahihi kuhusu HiLink. Ndani yake mna ruta ndogo, hivyo APN na namba ya siri ya laini huwekwa kwenye ukurasa huo wa 192.168.8.1, na ModemManager haihusiki. Lakini hata yenyewe huanza kama sidii. Ukiangalia utaona inatoka 12d1:1f01 na kuwa 12d1:14dc, na kazi hiyo inafanywa na programu ileile, isipokuwa wewe uliikuta imeshawekwa. Kwa mwenye fedha ya kununua, na mahali ambapo 4G inafika vizuri, nami ningeshauri hivyo.

Kuhusu simu sikubaliani nawe, kwa duka. Simu ya mwenye duka ndiyo anayopokelea malipo na ndiyo anayopigiwa na wateja. Akitoka kwenda kununua karatasi anatoka nayo, na intaneti inatoka pamoja naye, aliyebaki dukani anaachwa na fomu iliyojazwa nusu. Modemu yenye laini yake inabaki kwenye kompyuta.

Steshenari ya Mbagala

Wakuu, nimefuata maelekezo neno kwa neno. `sudo` iligoma kama mlivyosema, nikatumia `su -`. Programu imeingia, nikachomoa na kuchomeka, na namba imegeuka kuwa 12d1:1436! Ile picha ya sidii imeondoka, na `dmesg` inataja ttyUSB0 hadi ttyUSB2. Nilisimama kutoka kwenye kiti.

Ila `mmcli -m any` inaonyesha hivi kwenye sehemu ya hali:

`state: failed`
`failed reason: sim-missing`

Laini nimeiweka, na nimeitoa na kuirudisha mara mbili.

Binti wa Kinondoni

Hongera, hatua kubwa imepita. Maneno hayo yana maana kwamba modemu inazungumza na kompyuta lakini haioni kadi ya laini. Niambie, uliponunua laini mpya, ulikata kile kipande kidogo kabisa ili kiingie kwenye simu?

E173 ni ya zamani, na kitanda chake cha laini ni cha saizi kubwa. Laini za siku hizi zinauzwa zikiwa zimechanjwa saizi tatu kwenye plastiki moja, na ukishaibandua ile ndogo, ikirudishwa kwenye modemu bila fremu yake hucheza, na vile vibati vya dhahabu havikutani na miguu iliyomo ndani. Kama fremu umeitupa, nunua adapta ya plastiki, zinapatikana kwa wauza vifaa vya simu. Usijaze nafasi kwa karatasi iliyokunjwa. Niliwahi kuitoa kadi iliyowekwa hivyo kwa kutumia pini, nayo ikaondoka na mguu mmoja wa modemu, na modemu haikufaa tena.

Kadi ikikaa vizuri na bado modemu ikagoma kusajiliwa, tuangalie kufuli. Umesema laini mpya ni ya kampuni nyingine, na modemu nyingi zilizouzwa na kampuni za simu hufungwa zisikubali laini ya mwingine. Njia ya kujua ni kuiuliza yenyewe. Weka programu ndogo ya kuzungumza nayo kwa `apt install picocom`, kisha umwombe ModemManager apishe kwanza, kwa sababu akiwepo mtajibizana naye kwenye poti moja:

`systemctl stop ModemManager`
`picocom /dev/ttyUSB0`

Andika `AT` ubonyeze Enter. Ikijibu `OK`, andika `AT^CARDLOCK?`. Jibu likianza na 2 modemu imefunguliwa, likianza na 1 imefungwa, na namba inayofuata ni idadi ya majaribio yaliyobaki ya kuweka namba ya kufungulia. Kwa kawaida ni 10, na yakiisha kufuli linakuwa la kudumu, kwa hiyo tafadhali usijaribu namba za kubahatisha zilizozagaa mtandaoni. Ukiwa humo andika pia `AT+CSQ` utuletee jibu. Kutoka ni Ctrl-A kisha Ctrl-X, halafu `systemctl start ModemManager`.

Steshenari ya Mbagala

Dada, umeona kana kwamba ulikuwepo. Kadi ilikuwa ndogo, nami niliiegemeza kwa kipande cha kadi ya vocha. Fremu nimeikuta kwenye droo, bado imeshikamana na karatasi yake ya usajili. Nimeirudisha kadi kwenye fremu na sasa inaingia kwa kubana. `AT^CARDLOCK?` imejibu `^CARDLOCK: 2,10,0`. `AT+CSQ` imejibu `+CSQ: 6,99`. Hali sasa ni `registered`, lakini intaneti bado.

Fundi wa Ubungo

Vizuri sana. Kufuli limefunguliwa na mnara umeikubali laini. Sasa ndipo APN inapopata zamu yake.

Xfce ina dirisha la kuchagua nchi na kampuni kisha linakujazia APN. Litumie kwa tahadhari, kwa kuwa orodha hiyo inatunzwa na watu wa kujitolea na kampuni zetu hubadilika. Mwaka 2024, kwa mfano, Tigo ilibadili jina na kuwa Yas, hivyo usishangae ukikuta jina la zamani. Njia ya uhakika ni kutazama APN iliyomo kwenye simu ambako laini hiyohiyo ilifanya kazi, chini ya mipangilio ya mtandao wa simu, na kuinakili herufi kwa herufi bila nafasi ya ziada mwishoni. Kama ni `internet`, andika:

`nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name duka apn internet`
`nmcli connection up duka`

Jina la mtumiaji na nenosiri viache wazi kama simu nayo imeviacha wazi. Namba ya *99# unayoisoma kwenye maelekezo ya zamani ya `wvdial` usiihangaikie, ModemManager anaishughulikia mwenyewe.

Sasa ile 6 ya `AT+CSQ`, yaani nguvu ya ishara. Kipimo hicho huenda kutoka 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Kuigeuza kuwa dBm, kizio cha nguvu ya ishara, zidisha kwa 2 kisha ujumlishe na -113, hivyo 6 ni -101 dBm, ishara dhaifu ambayo itaunganisha lakini itakata kurasa katikati. Duka lako nadhani lina paa la bati na nondo dirishani, na modemu imechomekwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza. Bati huzuia mawimbi kweli kweli. Tumia waya wa kurefusha USB uisogeze modemu dirishani, lakini uwe mfupi na mnene. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, na modemu inapotafuta mnara wa mbali inatumia umeme mwingi kuliko inapotulia. Waya mrefu mwembamba unapunguza volti, modemu inajizima na kujiwasha, na kwenye `dmesg` utaona `USB disconnect` bila mtu kuigusa. Tumia matundu ya nyuma ya kompyuta, yaliyo kwenye bodi yenyewe. Ya mbele hupitia waya mwingine wa ndani ambao mara nyingi ni mwembamba.

Steshenari ya Mbagala

Imeunganishwa! APN ya laini yangu ni `internet` kama ilivyo kwenye simu. Nimenunua waya wa mita moja, nikaifunga modemu kwa uzi kwenye nondo ya dirisha linalotazama barabarani, na `AT+CSQ` imepanda kutoka 6 hadi 15. Ile taa ya kijani imekuwa bluu na imetulia bila kupepesa. Leo saa nne asubuhi nimemjazia mama mmoja maombi ya cheti cha mtoto, na ukurasa haukukatika hadi alipopewa namba ya malipo.

Nina mawili ya mwisho. Bando la jana limeisha mapema kuliko nilivyozoea, na sikufungua video yoyote. Pili, kuongeza bando inanilazimu kuitoa laini na kuirudisha kwenye simu, nami sasa naiogopa fremu ile isije ikalegea.

Fundi wa Ubungo

Kuhusu bando, yawezekana mfumo ulipakua masasisho kimyakimya. Uambie kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kiasi:

`nmcli connection modify duka connection.metered yes`

Programu zinazoiheshimu alama hiyo zitajizuia. Kivinjari hakiiheshimu kila mara, hivyo zima humo video zinazojicheza zenyewe. Masasisho ya usalama usiyaache kabisa. Yafanye mara moja kwa wiki ukiwa na bando la usiku, kwa mkono, ukiangalia ni megabaiti ngapi `apt` inataka kabla ya kubonyeza ndiyo.

Laini usiitoe tena. Menyu ya bando inafunguka kwenye kompyuta, ukiweka msimbo wa kampuni yako badala ya huu wa mfano:

`mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate="*102#"`

Menyu itachapwa kwenye terminali, nawe utaijibu kwa `mmcli -m any --3gpp-ussd-respond="1"`, ukibadilisha namba kulingana na unachochagua. Ikigoma wakati umeunganishwa, kata kwanza kwa `nmcli connection down duka`. Ujumbe wa kuthibitisha bando utauona kwa `mmcli -m any --messaging-list-sms`, kisha `mmcli -s` ikifuatiwa na namba ya ujumbe. Asiyependa terminali anaweza kuweka programu iitwayo `modem-manager-gui`, inayofanya hayo yote kwa vitufe.

Steshenari ya Mbagala

Nimejaribu kwa msimbo wa kampuni yangu, menyu imekuja, na nimenunua bando la wiki nikiwa nimeketi hapahapa. Amri zote nimeziandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa kompyuta, ili binti anayenisaidia dukani naye azijue. Jirani nimemwambia kwamba kuanzia kesho wateja wa fomu nitawapokea mwenyewe, na nimemshukuru kwa siku zote alizonishikia.